Sambaza ya Mama, Sambaza ya Evariste

Jumanne, 10 Juni 2025

Jambo, kayé yangu, daftari yangu. Uko muzima? Mi niko, Mungu asifiwe.

Leo tulitoka kambi ya bakimbizi, tukaenda Lilongwe, entretien, maulizo ya kuhamia Canada. Mi kwanza, bwana yangu Evariste nyuma, kila mutu peke yake. Nyumbani tulikuwa tumerudilia yote: tarehe ya kukimbia Bukavu, njia, moyo wa mutoto wetu Charlène — muganga alisema apasuliwe inje ya inchi, na mbio. Yote ilipatana! Kisha afisa akaniuliza: kwenu mulikula nini? Nikajibu: sambaza, tusamaki twa ziwa. Akauliza tena: na jina lilitoka wapi? Nikafurahi, mujinga mi! Nikaeleza kama mama alinifundisha: bamama ba pembeni ya ziwa banaanika samaki, banaitana, "Sambaza! Sambaza, mvua inakuja!" Batandaze mbio, ikauke mbele ya mvua. Njo jina.

Evariste naye akajibu ya mwalimu wake: samaki ile haikuwa yetu, bazungu baliitoa ziwa Tanganyika, bakaiweka kwetu, ikasambaa ziwa nzima.

Afisa akatuweka pamoja. Muko kweli ba ziwa moja? Ba nyumba moja? Dosye, makaratasi yetu yote, imesimama. Tutaitwa tena.

Jumatano, 11 Juni

Nahayo, jirani yetu Murundi mwenye kuuzisha samaki kavu, alicheka mpaka akakaa chini. "Weh dada Benedicte! Kwetu ndagala ni ndagala. Tunakula, hatuulizi baba yake!" Nikacheka pia. Kisha nikasikia Charlène anatafuta pumzi ndani. Midomo imekuwa bluu.

Jumapili, 15 Juni

Kiisha misa, Evariste:

— Mama Charlène, useme yangu, ile ya bazungu. Mi ni mwanaume, nilisoma.

— Na mama yangu alidanganya?

— Mama yako amekufa. Mutoto hajakufa.

Nsima, ugali ya huku, ilibaki kwenye sahani, yake na yangu. Mama alinibeba mugongoni akianika sambaza. Nilisikia kwa masikio yangu akiita benzake. Niseme kwamba sikusikia? Mbele ya Mungu?

Alhamisi, 19 Juni

Lilongwe tena. Naandika juu ya goti, kwenye benchi. Ndani ya minibus nilimwambia: sawa, baba, nitasema yako. Mungu atanihukumu, mutoto apone. Alinishika mukono tu, mpaka tulipofika.

Bameanza na yeye. Ukuta ni mbao nyembamba — nasikia sauti yake. Anasema nini? Bamama… banaanika… mvua inakuja…

Yesu wangu. Anasema ya mama!

Sasa afisa: siku ile ulitueleza ingine, muzee. Basi ulidanganya siku ile, ao unadanganya leo?

Evariste ananyamaza.

Mulango umefunguka, banaita jina yangu. Hajatoka, bamemuacha ndani. Nitasema gani, ya mama ao ya mwalimu? Ee Bwana, unijibu mbio.