Gari Lako na Fungu la Mamako

Mume wangu, Baba Zuhura,

Amani ya Mola ikufikie huko ulikolazwa. Najua karatasi haifiki huko. Kinachofika ni dua na sadaka, na hizo nakuletea kila nikimaliza kuswali, Mwenyezi Mungu azipokee. Haya ninayoyaandika ni ya kuupumzisha moyo wangu tu. Masomo yangu wayajua yalipoishia, basi univumilie mwandiko.

Nataka uyasikie kwangu kabla hayajakufikia kwa njia nyengine, ikiwa huko habari hufika: gari lako limetoka mikononi mwangu. Nimeliuza. Na tangu nilipotoa ufunguo nimekuwa nikijiuliza kama nimeitimiza amana au nimeivunja. Nimechoka, Baba Zuhura, mpaka kwenye vifundo vya vidole, na mtu aliyechoka hawezi kujihukumu vizuri. Nikueleze wewe.

Wakumbuka ugomvi wetu wa maji? Mifereji ya Mji wa Kale ilikauka, twanunua mitungi kwa wale wa mikokoteni, ya kunywa na kupikia, na watoto wakoga maji ya kisima yanayokataa sabuni. Nawe ukashika mtungi mzima wa maji matamu, washuka nao ngazi.

"Gari linywe maji matamu, na wanao wakoge ya kisima?" nikakwambia.

"Mama Zuhura, ngozi ya Zuhura haishiki kutu."

Nilicheka na hasira zangu papo hapo. Ndivyo ulivyokuwa ukinishinda.

Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kujitayarisha kwenda msikitini, ulishuka mpaka pale karibu na bahari gari lilipokuwa likilala, kwa kuwa kichochoro chetu hata punda wawili hawapishani. Ulipiga magoti ukaliosha chini, ndani ya kingo za magurudumu, pale chumvi ya upepo inapojificha. Watu huosha gari juu ili lionekane. Wewe ulianza mahali ambapo hakuna aonaye. Kisha ukatazama oili injini ikiwa baridi, ukakifuta kile kijiti cha kupimia kwa kipande cha kikoi kikuukuu, ukakirudisha, ukakichomoa tena. Rejeta hukuifungua ikiwa moto hata siku moja. Na jirani zetu walipokuwa wakijaza rejeta zao maji ya kisima cha msikiti, wakisema yana baraka, ukawaambia, "Baraka yake ni ya kutawadhia. Rejeta haina udhu." Walikucheka. Baadaye magari yao yakawa yachemka kila yakipanda mlima, rejeta zimeziba ndani kama sufuria ya chai isiyosuguliwa.

Halafu wapanda juu, mikono myeusi, na mimi nishakukatia ndimu. Wasugua kwa ndimu na sukari mpaka kwenye kucha. Ndiyo maana harufu yako ya Ijumaa ilikuwa ndimu kwanza, udi baadaye. Sikukwambia kwamba niliipenda. Ningekwambia, ungevimba kichwa.

Na ulivyonifundisha kuendesha! Jumapili asubuhi, zile njia za Ganjoni zikiwa tupu, mimi na buibui langu limenibana magotini, wewe pembeni umeshika mlango kama unataka kuruka. "Tizama njia, usitizame watu." Lakini watu walikuwa wananitizama mimi! Tuliporudi, wanawake wa mtaani wakanikalia barazani. "Ehe, Mama Zuhura, utatupeleka Makka kwa hilo gari?" Nikawaambia nikifika Ganjoni na kurudi yanitosha, nishukuru.

Ugonjwa wako haukutupa nafasi ya kuagana. Hilo nalo nimelinyamazia.

Nilipokaa eda, nduguyo Salim alilifunika gari lako kwa turubai, akalifunga kamba pande zote, na breki ya mkono akaivuta mpaka mwisho. Alifanya kwa heshima, simlaumu. Alisema gari la marehemu halichezewi mpaka mirathi igawanywe. Mimi niko ndani, sitoki, nikamtuma Zuhura: "Mwambie ami yako aliwashe japo kidogo kila wiki, na ile breki aifungue, atie jiwe chini ya gurudumu." Zuhura akarudi na majibu. "Ami amesema, mamako amsomee marehemu Yasini, mambo ya gari awaachie wanaume."

Nikasoma Yasini. Na gari likakaa ndani ya turubai na unyevu wa bahari, likachemka humo kwa jua kama mtu aliyefunikwa blanketi ya homa. Nilipotoka eda wakaja kulifunua. Betri imekufa. Tairi zimekaa chini. Breki za nyuma zimeshikana na magurudumu, vijana wanne wakasukuma, halikutikisika. Akaitwa Fundi Kombo kutoka Majengo, yule mrefu mwenye mzaha. Akainama, akatazama chini, akainuka, akaniamkia vizuri na kunipa pole. Kisha akasema, "Mama, wewe umemaliza eda. Hili bado lakaa." Ndiyo mara ya kwanza nilipocheka tangu uende. Akazifungua breki, akatia betri mpya, likawaka.

Basi ikaja siku ya kugawanya. Sheikh akakaa, nduguzo wakakaa, mimi na wanao nyuma ya pazia, na mamako kwenye kiti chake, mguu wake wa kidonda umenyooshwa juu ya mto. Walipofika kwenye gari, wakataka liuzwe, kila mmoja apate fungu lake. Mamako akasema, "Mimi sina haja na pesa za chuma. Fungu langu mimi ni nipelekwe kliniki na nirudishwe, mpaka Mungu anichukue mimi au alichukue gari." Watu wakacheka, sheikh naye akacheka. Akauliza, "Na nani atakayekuendesha, Bi Mkubwa?" Wanaume wakatoa udhuru. Huyu ana duka, yule ana zamu bandarini. Nikasikia sauti yatoka nyuma ya pazia yasema, "Mimi." Kumbe ni yangu.

Hivyo ndivyo gari lilivyonifunga, mume wangu. Nduguzo wakaacha lao, likawa langu na la wanao, lakini ndani yake kulikuwa na fungu la mama mtu mzima, na fungu lenyewe ni safari. Sikuweza kulizembea. Nikashika zile kazi zako zote. Sisi wanawake wa hapa hatwendi Ijumaa, basi wakati wanaume wako msikitini, njia zimenyamaza na hotuba yasikika kwenye vipaza sauti, mimi nilikuwa chini ya boneti, glavu za jikoni mikononi. Nikatazama oili, nikajaza maji matamu, nikabonyeza tairi moja moja. Nikaufuta ule ukungu mweupe unaoota kwenye vichwa vya betri. Mwaka ule wa mvua kubwa, barabara ya Nairobi ilipokatika na maji yakajaa mpaka milangoni, niliinua mazulia ya gari yote nikayaanika juu ya dari, kwa kuwa maji yakilala chini ya zulia, bati huoza bila ya wewe kujua. Na bado liliniotea kutu. Mji huu hula chuma, wausikia ukitafuna.

Sasa nikufikishe kwenye lile lililoniumiza.

Mwezi uliopita kulikuwa na harusi Likoni, mjukuu wa dadake mamako anaolewa. Mamako alikuwa ameisubiri harusi ile kuliko bibi harusi. Tukampamba, leso mpya, asumini shingoni. Wanawake wakajipanga ndani ya gari, udi wanuka mpaka njiani, Salim nje atuhimiza tuwahi feri. Nikawasha. Kabla ya kuliondoa nikakanyaga breki, na mguu ukazama. Haukugota. Ulishuka polepole kama ninakanyaga unga uliokandwa. Nikainua, nikakanyaga tena, ukazama vile vile.

Baba Zuhura, ile njia ya kuteremkia feri waijua. Watu wajaa mbele yako, na mbele ya watu ni maji.

Nikazima. Nikasema, "Teremkeni, jamani. Gari haliendi."

"Mbona languruma vizuri?" Salim akauliza.

"Kunguruma languruma. Kusimama halitasimama."

"Ah, shemeji! Umekuwa injinia sasa? Watu wamevaa, watu wamejitia udi, wewe watuletea wasiwasi wako. Endesha polepole, utafika."

"Sijawa injinia, shemeji. Mimi ni mjane, na mjane mmoja kwa nyumba hii atosha."

Maneno yale yalitoka makali, nami siyajutii. Wanawake wakateremka wakigunaguna, wakasaka njia nyengine ya kwenda. Lakini mamako na mguu ule hangeweza kusukumana na watu kwenye feri. Akateremka mwisho, akanishika bega. Akarudi ndani na asumini zake. Kesho yake Fundi Kombo alikuta mpira wa breki wa gurudumu la mbele umepasuka, na mafuta ya breki yametiririka kwa ndani, mahali ambapo huyaoni mpaka uinamie. Nikamwambia Salim. Akasema, "Basi liuze, lishatuaibisha." Mamako alikaa kimya siku nyingi. Nikampeleka kliniki, nikamrudisha, kimya. Nikawa nikimfunga kidonda najiuliza kama nimeokoa roho ya mtu au nimemnyima furaha yake ya mwisho.

Mpaka jioni moja, nampaka dawa, akaniambia, "Mwanangu, wadhani nimekukasirikia?"

"Sijui, mama."

"Sikukukasirikia. Nakutazama mikono. Zamani ukiniteremsha garini mikono yako ilikuwa kama nguzo. Sasa yatetemeka. Wanibeba mimi, walibeba na gari. Fungu langu nimelisamehe, na Mungu shahidi. Liuze upumzike."

Nililia, mume wangu. Nililia kama mtoto aliyeshikwa mkono sokoni baada ya kupotea. Akanipiga kofi dogo la kichwa. "Haya basi, utanilowesha bandeji."

Kuuza nako kukawa kazi. Mnunuzi wa kwanza nilimwambia yote: bati la chini limeoza, gea ya pili huruka, mlango wa nyuma hufunguliwa kwa nje tu. Akashukuru, akaenda zake, hakurudi. Salim akashika kiuno.

"Shemeji, wewe wauza gari au watoa mawaidha?"

"Mwenye kuuza aseme aibu na kasoro ya kitu chake. Wewe umekaa chuo cha Kurani kuliko mimi, wajua."

"Najua usiseme uongo. Sikujua usisaze hata kidogo!"

Wa pili alikuwa mwalimu, akaa Buxton, kijana mpole, alikuja na mkewe na kitoto mgongoni. Nikakitazama kile kitoto nikasema hapa sitasaza kabisa. Nikainua zulia nikawaonyesha njia kwa tundu la kutu. Nikamwambia mpira mmoja wa breki ni mpya, mitatu ni ya zamani, abadilishe yote kabla hajawapakia watu. Mkewe akanitazama, akauliza kwa unyonge, "Mama, hakuna kizuri hata kimoja?"

"Injini," nikamwambia. "Haijapata kunywa maji ya chumvi tangu iingie mji huu."

Mwalimu akainama akasikiliza inavyozunguka. Akacheka peke yake. Fundi Kombo akaenda naye, breki zikafanywa zote mbele ya macho yangu, ndipo nikatoa ufunguo. Niliutoa kwa mkono wa kulia nikasema bismillahi. Kisha sikujua mkono niuweke wapi.

Leo ilikuwa siku ya kliniki. Nikaita teksi mpaka mwisho wa kichochoro, nikamshika mamako tukaenda hatua kwa hatua. Nikampandisha, nikazunguka kwenda mbele kwa mazoea, nikamkuta dereva amekaa. Nikarudi nikakaa nyuma naye. Kwenye kona ya kwanza breki zikapiga ukelele.

"Mwanangu," nikamwambia dereva, "gurudumu lako la kushoto lalia."

"Limezoea, mama."

"Breki haizoei, baba. Mpelekee fundi leo."

"Inshallah, mama. Mama ni makanika?"

"Alikuwa," mamako akajibu. "Sasa amestaafu. Muache apumzike."

Halafu akaegemeza kichwa chake begani mwangu. Baba Zuhura, miaka yote hii nimemchukua na kumrudisha, sikupata kumwona mamako safarini ila kwa kioo: leso yake na macho yake, na mimi nikitazama njia. Sikujua kwamba akipita mjini husema na mitaa kimya kimya, fulani alikaa hapa, fulani alizaliwa pale, midomo yaenda kama anayevuta tasbihi. Leo nikamsikia. Akakutaja na wewe, kwenye mlango wa chuo ulichosomea. Kisha akalala. Kichwa chake ni chepesi sana. Sikusogea mpaka tulipofika, na nilipomteremsha mikono yangu haikutetemeka.

Nadhani amana yako imelala begani mwangu leo, na iko salama. Kama nimekosea, nisamehe, nami nimekusamehe maji yote. Adhana ya magharibi yaadhiniwa, nikatawadhe. Mola akupanulie kaburi lako na alitie nuru, na atukutanishe penye kivuli chake, tukiwa tumepumzika sote wawili.

Mkeo anayekuombea,
Mama Zuhura