Eti Mgonjwa Wako Anataka Nini

Shoga, uko wapi? Nimetoka ofisi ya mitihani sasa hivi.

Si unajua nilikwenda kuomba mtihani wangu uchapwe kwa maandishi makubwa? Mdogo wangu alinisindikiza tu, anishike mkono kwenye zile ngazi zenye giza. Basi yule msimamizi wa mitihani hakunitazama hata, akamuuliza mdogo wangu, "Mgonjwa wako anataka nini?"

Mgonjwa wako! Na mimi nimekaa mbele yake!

Nikamwambia, "Mzee, shida yangu ni macho. Masikio ni mazima, na mdomo ndio huu." Unajua alifanya nini? Akanipapasa kichwani. Kichwani, shoga! Mtu mzima na miaka yangu ishirini na mitatu! Kisha akamgeukia mdogo wangu tena: "Mwambie asiwe mkali. Saini wewe fomu hii kwa niaba yake."

Mwili ulinisisimka kwa kinyaa. Nikatoa barua ya daktari, nikaisogeza mpaka puani, nikamsomea yote kwa sauti. Nikamwambia sitoki mpaka agonge muhuri, na saini ni yangu.

Akaguna, akagonga. Nikasaini. Halafu, huwezi kuamini, akamnyooshea mdogo wangu ile fomu!

Mdogo wangu akaficha mikono yote miwili mgongoni. Mkono wa yule mzee ukabaki hewani, hewani, mpaka akanigeukia mimi akasema, "Haya, dada. Chukua."