Spika Mbili za Mukau

Jumatatu, 7 Aprili

Ni mimi niliuchukua mzinga wa Babu. Sijawahi kumwambia mtu. Hata Mama.

Ilikuwa Desemba. Susu, mama yake Baba, alikuwa ameenda mkutano wa akina mama kanisani. Nikapanda ule mti wa mpakani, nikaufungua mzinga, nikaushusha na kamba ya mbuzi. Mzito kama mtu aliyelala. Nyuki walikuwa wamehama tangu ukame, ndani buibui tu. Nikajiambia gogo tupu si la mtu. Babu alikufa nikiwa darasa la sita. Nani angeuliza?

Nilitaka spika. Pale niliposoma, wanasema boksi la spika linataka mbao nzito isiyotetemeka. Mzinga wa Babu ni mukau, mti mgumu wa kwetu, unene wa vidole viwili, aliutoboa kwa mkono wake. Nikaukata katikati na msumeno. Nusu ya kushoto, nusu ya kulia. Nikazificha stoo chini ya magunia ya ndengu.

Leo nimezitoa. Shule imefungwa, Baba na Mama wako mjini Salama kwa hoteli yao, mimi niko kwa Susu kama kila likizo. Mwalimu wa kompyuta ameniazima ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja. Haizidi kitambulisho kwa ukubwa. Na kadi ya sauti ya kuchomeka juu yake. Alisema nikipata muziki safi kweli kweli, nitauonyesha klabu nzima ya kompyuta. Nisimame mbele ya watu. Hilo silitaki.

Kuweka programu kwa memori kadi: mara tatu. Mara ya tatu taa ya kijani ikaanza kupepesa. Nimeruka peke yangu kama mwendawazimu.

Jumanne, 8 Aprili

Simu haiioni kompyuta kwa wifi. Jana iliiona. Nimeandika kadi upya. Wapi. Nimeandika tena. Nimelia kidogo, sitadanganya.

Saa kumi nikakumbuka. Jana nilipomaliza niliiweka ndani ya mkebe wa majani chai, kwa sababu ya vumbi. Mkebe wa bati, na bati huzuia wifi. Nikaitoa, ikaonekana hapo hapo.

Mimi ni mjinga. Sasa inalala kwa kikapu.

Alhamisi, 10 Aprili

Siku mbaya.

Mvua imefanya miti itoe maua na jana kundi la nyuki lilipita juu ya boma. Susu alifurahi sana. Leo asubuhi akaenda mpakani kuangalia kama wameingia kwa mzinga wa Babu. Akarudi akaketi bila kuvua kiondo mgongoni.

Mzinga hauko.

Alisema polepole, kama anasoma. Kwamba ule mzinga una alama ya ukoo wetu, iliyochomwa kwa chuma, na mtu yeyote wa hapa akiiona anajua ni wa nani. Kwamba kuku akiibwa watu hununa siku mbili, lakini mwizi wa mzinga jina lake linaharibika mpaka kwa wajukuu. Kisha akataja jina. Mzee Kilonzo, jirani. Mizinga yake iko mti wa pili, na baada ya mazishi aliomba kuununua huu.

Nilikuwa nachambua ndengu. Nikaendelea kuchambua. Mawe madogo nikayaweka upande wa ndengu nzuri.

Mjukuu wa Babu ndiye mwizi. Ndiyo, nimeandika.

Jumamosi, 12 Aprili

Zinalia!

Nimefunga zile spika mbili za gari ambazo Mama alinipatia sokoni mjini Wote. Nimeziba nyuma kwa vifuniko vya mzinga venyewe, nimejaza pamba ya godoro kuukuu. Ampu ya kukuza sauti hapa, kompyuta pale. Nilitia faili nzima za nyimbo, ambazo hazijabanwa. Ulipoanza wimbo wa benga, gita la besi lilitoka kama liko chini ya kiti changu. Nimesikia vidole vya mpiga gita vikiteleza kwa nyuzi. Wimbo huo nimeusikiliza kwa simu pengine mara mia na sikujua ana vidole.

Shida moja. Chini ya muziki kuna mlio. Mmmmmm. Hauishi hata nikizima wimbo.

Susu alisikia akaingia. Nusu yenye alama nilikuwa nimeigeuza ukutani, na zote mbili nimezifunika leso. Akaketi kitandani kwangu. Mabega yakaanza kucheza yenyewe.

"Huu sasa ni muziki. Ile ya simu yako ni mbu. Na huyu anayeguna ndani ni nani?"

Nikacheka. Nikasema nitamtoa.

"Mwiitu wakwa, msichana wangu, kumbe wewe ni fundi! Mbao umetoa wapi?"

"Shule, Susu."

Nimedanganya na mdomo sasa. Siyo kunyamaza tena. Aliniombea baraka kabla hajatoka.

Jumapili, 13 Aprili

Nje ya kanisa Mzee Kilonzo alinyoosha mkono. Susu akashika kiondo kwa mikono miwili.

"Mama Muthoka, hata salamu?" Muthoka ndiye Baba.

"Salamu zipelekee huo mzinga uliouficha."

"Mimi? Nina mizinga yangu imejaa, niibe gogo la buibui?"

"Ulijuaje kuna buibui?"

Akina mama wa kwaya wakaguna wote pamoja. Mzee akavaa kofia akaenda. Watu wakampisha njia pana kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi naibu wa chifu atawasikiliza mbele ya wazee. Wakimwona na hatia, jina lake limekwisha.

Susu amepita mlangoni sasa hivi. Nimelalia daftari asione, kama karatasi ya mtihani. Nafanya hivi kila siku.

Jumanne, 15 Aprili

Nimejaribu kila kitu kwa huo mlio. Nimebadilisha waya. Nimesogeza ampu. Fundi wa redio hapa ni mmoja tu, na ni Mzee Kilonzo. Susu alikuwa amekwenda chama cha akina mama. Nikabeba ampu nikaenda kwake. Nilijiambia ni kwa sababu ya mlio. Labda nilitaka kushikwa. Sijui.

Akaisikiliza kwa redio yake. Safi. "Ampu haina shida. Nionyeshe vyombo vyote."

Ningeweza kukataa. Nikatembea mbele yake kama mbuzi wa kuuzwa.

Alitoa leso moja, akagonga mbao na kidole. Akatoa ya pili. Akaigeuza kutoka ukutani. Alama ilikuwa pale. Akaweka kiganja juu yake.

"Kumbe mwizi wangu ni injinia," akasema.

Nilianza kulia. Hakunigombeza. Alisema Babu ndiye alimfundisha kutoboa mzinga, na kwamba angeuona umekatwa hivi angefoka kutwa nzima, halafu angeuliza kama besi inatoka. Kisha akainama akachomoa chaja ya kompyuta. "Una pawabanki?" Nikampa. Akachomeka kompyuta hapo.

Mlio ukaisha. Kimya kabisa. Ilikuwa stima ya chaja, ilikuwa inaingia kwa muziki.

Tukasikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho. Alipoinuka akasema, "Mimi sitasema. Nikisema, nitakuwa mzee anayejitetea kwa kusingizia mtoto. Useme wewe. Kesho iko."

Mtu anaitwa mwizi kwa ajili yangu na amenitengenezea spika.

Jumatano, 16 Aprili

Asubuhi nilijaribu. Nilijipanga mbele ya jiko, nikavuta pumzi, na nikamuuliza Susu kama chai imetosha sukari. Akasema imetosha. Basi.

Mchana, wakati wa kumenya maembe, nikajaribu tena. Nikasema "Susu." Akasema "Ee." Nikasema kisu hakikati.

Kwa hivyo nimeamua kwa njia ninayoweza. Nimetoa leso. Nimeweka spika mbili mezani, pamoja, mahali pa kukatia pakutane, zirudi gogo moja. Alama inaangalia mlango. Kisha nimeona haitoshi, maana ataona alama na bado hatajua Mzee Kilonzo hakunisaidia kuiba. Lazima ajue yote. Susu husoma Kiswahili polepole na kidole, lakini husoma, na daftari hili nitaliacha wazi kando ya spika.

Mvua imeisha. Nimeweka muziki, chini sana. Nasikia hata mpiga gita anavyovuta pumzi. Nimeogopa tangu Desemba na leo naogopa kwa namna nyingine, nyepesi kidogo. Kama atanipiga, sawa. Kama mwalimu atasikia, sawa. Kesho Mzee asisimame peke yake. Nitasimama naye mbele ya wazee hata nikitetemeka.

Slipas za Susu ziko nje. Anakung'uta matope kwa jiwe.

"Mwiitu! Yule wa kuguna ameenda wapi? Nani amemtoa?"

Ametambua. Anauliza kwa furaha, anakuja.

Mkono nimeuondoa kwa ukurasa.