Kinyama Kisichoshika Rangi

Kariakoo, Dar es Salaam

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Mama anaendeleaje na magoti yake? Shemeji amesharudi kutoka Mpanda? Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na haya nataka uyajue wewe kwanza.

Dada, nina saratani ya titi.

Uvimbe niliugusa nikioga, mdogo kama punje ya mahindi. Haukuuma, nikaupuuza. Ulipokua, Mama Jaya, yule Mhindi mwenye duka la sufuria ninakouza, alinishika mkono tukaenda hospitali. Wakanichoma sindano nene, wakatoa kinyama. Jibu likaja kuwa ni saratani. Nikadhani yameisha, kumbe bado.

"Saratani ya titi si moja," daktari akaniambia. "Kinyama chako tutakipaka dawa za rangi, tukitazame kwa hadubini. Rangi ikishika, tutajua kama inalishwa na homoni, tukupe vidonge vya kuizuia. Rangi nyingine inaonyesha protini inayoikuza. Hiyo nayo ina sindano yake."

"Kisiposhika yoyote?"

Akavua miwani. "Tusubiri kwanza, mama."

Kusubiri kule, dada! Mteja anauliza bei ya sufuria, namtajia ya beseni. Nikamkumbuka mama mdogo, alivyolificha titi lake ndani ya khanga mpaka likatoa harufu. Nikakata tiketi nikimbilie nyumbani Ujiji, nife nikiwaona. Mama Jaya akaichana mbele yangu.

"Ukienda sasa, utarudi umechelewa," akasema. "Majibu tunachukua mimi na wewe."

Tumeyachukua jana. Kinyama hakikushika rangi hata moja. Vidonge havitanifaa, wala ile sindano. Imebaki tiba ya dripu, ile kali inayonyofoa nywele, kisha kukatwa.

"Aina hii ina mbio," daktari akasema, "lakini haijatoka kwenye titi. Tusichelewe."

Mama Jaya alilia kuliko mimi. Mimi nilimuuliza daktari tunaanza lini.

Jumatatu naanza. Naogopa, dada, sikufichi. Mama mwambie wewe, taratibu, akishakula. Nisalimie shemeji, na mjomba Hamisi, aniombee dua msikitini bila kunitaja jina.

Jambo moja zaidi. Daktari aliniuliza kama nina dada wa tumbo moja. Nikamwambia ninaye mmoja tu. Akasema naye apimwe, kwani huweza kufuata ukoo. Nenda wiki hii, Mwajuma. Usingoje maumivu. Uvimbe wangu haukuniuma.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura