Mheshimiwa Mama, Nyumba Imepoa

Mwaka umekatika, Mama, tangu umwambie Baba aende kwanza kantini akanywe chai, naye aliporudi wodini akakuta umeshaondoka.

Ulianza kazi ukiwa karani wa masijala, ukipandisha majalada ya kesi ghorofani huku ujauzito wa kifungua mimba wako ukikuelemea. Hakimu alikufumania siku moja. “Karani, mbona unasoma hukumu zangu?” Ukamjibu, “Nataka kujua kwa nini umeamua hivyo, Mheshimiwa.” Alicheka sana, lakini ndiye aliyekusukuma ukasomee sheria.

Ukawa hakimu kwenye jengo linalovuja, ukawa jaji, mwisho jaji wa rufani. Kila ulipohamishwa, Baba na ualimu wake wa hesabu aliomba uhamisho akufuate, akaanza upya katika shule asikomjua mtu. Wenzake walimtania kwamba ameolewa. “Tena nimeolewa pazuri,” aliwajibu.

Nyumbani tukiomba kwenda kucheza ulisema, “Ombi limetupwa. Kakateni rufaa kwa baba yenu.” Baba hakuwahi kutunyima.

Ila kazi yako ilitutenga na watu, Mama. Mialiko ya majirani uliikataa kwa upole. “Leo nakula kwake, kesho kasimama kizimbani mbele yangu. Nitamtazama kwa jicho gani?” Mtoto wa shoga yako wa tangu shuleni aliposhtakiwa kwa wizi, mama yake alikuja akakushika mikono yote miwili.

“Mwenzangu, zungumza tu na huyo hakimu.”

“Niombe lolote jingine, shoga yangu. Hilo siliwezi.”

Mlilia wote wawili. Ukamsindikiza mpaka getini, na hakukanyaga tena kwetu. Ulibaki na Baba tu wa kumweleza ya moyoni, naye akabaki na wewe.

Ulipostaafu ulituahidi kwamba sasa tutatembelea watu mpaka watuchoke. Maradhi hayakukupa nafasi.

Mwezi uliopita jirani alimwalika Baba kwenye harusi ya bintiye. Tulimbembeleza, akavaa suti yake ya kijivu, akaenda. Tunaambiwa hata alicheza, watu wakampigia vigelegele. Kisha, keki haijakatwa, wakamtafuta wasimwone. Kitinda mimba wako alimkuta nyumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda chenu, koti bado mwilini.

“Harusi ilikuwaje, Baba?”

“Nzuri sana, mwanangu. Nimekimbia nije nimsimulie mama yako. Nimefika mlangoni ndipo nikakumbuka.”

Unakumbukwa na mumeo, Mwalimu. Wanao watatu na wenzi wao. Dada yako mliyefuatana kuzaliwa. Na wajukuu wanaoendelea kukuita Bibi Jaji.

Hutatutoka moyoni, Mama, siku zote za maisha yetu.