Karatasi Haikutaja Kuinuka

Jumatatu, 3 Machi
Mashine imelikunja goti letu bandia mara milioni moja, digrii 155, halina hata mkwaruzo. Mkurugenzi kapiga makofi peke yake. Eti mgonjwa atachuchumaa kama mtoto! Kisha kalamu yake ikaanguka, akaniomba nimwokotee. Huyo ndiye bingwa wetu wa kuchuchumaa.

Nimetia sahihi fomu ya "limejaribiwa". Mama yumo kwenye wagonjwa kumi wa kwanza — Ijumaa ya wiki ijayo! Ataagana na kile kiti cha plastiki ambacho kaka alikitoboa katikati kwa kisu cha moto, akakiweka juu ya tundu la choo. Miaka mitatu anakikalia. Wageni wakija, anakificha.

Jumatano, 5 Machi
Mama wa usafi kachuchumaa kufuta mafuta chini ya mashine. Akainuka. Nikamwomba arudie. Na tena. Akaniuliza kama nimekula leo.

Mkono juu ya paja, mwili upande mmoja, goti likajipinda kwa ndani — ndipo akapanda. Mashine yetu haijipindi! Inakunja na kukunjua tu. Miaka minne, mainjinia sita, hakuna aliyewahi kumtazama mtu akiinuka. Mimi nikiwemo.

Fundi wa mashine akaongeza msokoto kidogo. Mzunguko wa 212 — tak! Kile kipande cha plastiki kinachokaa kati ya chuma na chuma kikaruka, kikatua chini ya meza. Fundi akasema hili si goti, ni manati. Nilicheka mpaka nikamkumbuka Mama.

Ijumaa, 7 Machi
Kikao. Nimeonyesha video. Mkurugenzi akachukua karatasi ya matangazo, akaisoma neno kwa neno. Inasema goti linakunjika. Kuinuka imetaja wapi? Nani kawaahidi kuinuka? Na wala hakutania!

Nikauliza, kwa hiyo mgonjwa akishachuchumaa abaki hukohuko chooni? Akasema wafundishwe kuinuka wima. Nikamwomba atuonyeshe.

Loo! Kushuka alishuka. Kupanda sasa. Akashika meza, akajipinda huku, akajipinda kule, mpaka watu wawili wakamvuta kwa makwapa. Kafunga kikao akiwa bado anahema. Marekebisho yatachukua miezi sita. Wagonjwa kumi wako palepale kwenye ratiba.

Jumapili, 9 Machi
Nilikwenda nyumbani nimwambie. Kiti hakipo. Mama amekivunja kwa shoka, mwenyewe, na goti lake bovu hilohilo. Vipande vimejaa ndoo ya taka. Majirani wote wameshaambiwa: goti jipya, mwanangu ndiye aliyelitengeneza!

Nikasifu chai. Mwoga mkubwa mimi.

Jumanne, 11 Machi
Nimempigia daktari wa upasuaji. Anasema fomu ina sahihi moja tu, yangu. Nikiifuta kwa maandishi, anaahirisha wote kumi. Mkurugenzi naye ataniahirisha mimi, moja kwa moja.

Barua nimeichapa. Imo mkobani. Haina sahihi.

Alhamisi, 13 Machi
Wodini, kitanda cha nne. Mama kaniamuru niwaonyeshe wenzake atakavyochuchumaa. Aibu gani hii! Nikashuka. Nikainuka.

"Mbona goti lako limekwenda pembeni?"

Nikamwambia ndivyo watu wote wanavyoinuka, Mama.

"Basi hivyohivyo! Mimi nataka hivyohivyo."

Wodi nzima ikacheka. Mimi nikajifanya natafuta kitu mkobani, nikaiona barua, nikatoa daftari hili badala yake. Daktari amepita sasa hivi, amemwachia karatasi ya kukubali upasuaji. Mama kavaa miwani. Anasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Amefika chini.

Anataka kalamu. Kalamu ni hii ninayoandikia, hakuna nyingine. Amenyoosha mkono. Nimemwambia ngoja kwanza, Mama, bado naitum—