Sikuanguka kwa Kiingereza, Mzee Mafuru

Mzee wangu Mafuru,

Wameniita tena. Bahasha ndefu ya kahawia imefika posta ya Musoma wiki iliyopita, jina langu limepigwa taipu bila kosa hata moja. Usaili wa pili wa chuo cha marubani, Nairobi, Jumatatu inayokuja. Wameandika wazi kuwa ni nafasi ya mwisho, maana mwakani nitakuwa nimepita umri. Ungekuwepo ungeisoma kwa sauti pale sokoni mpaka wauza samaki wa furu wafunge biashara. Hupo. Niliisoma peke yangu nimeegemea baiskeli, nikaikunja, sikumwambia mtu. Mimi, Mzee! Mimi niliyemtangazia mji mzima siku niliyonunua viatu.

Kilichokuwa kinatakiwa ni kitu kimoja tu, barua ya utambulisho yenye muhuri wa Mwenyekiti wa kijiji chetu. Leo asubuhi nimekwenda kuuchukua. Nitakueleza ilivyokuwa, lakini lazima nianze nyuma, kwa sababu kuna uongo nilikuambia na umezikwa nao.

Unajua mimi ni mtu wa dunia. Nimekuwa utingo wa lori la pamba la Bunda, nimelala Kisumu, nimekula Mwanza, na Nairobi najua kichochoro chenye chapati kubwa kuliko usukani. Form Four nilimaliza. Hesabu na fizikia nilizipiga, masomo yaliyobaki yalinipiga mimi. Nilipoanza kusema nataka kuwa rubani, kila mtu alicheka, hata mama yangu mzazi. Wewe ulinitazama kutoka juu mpaka chini, ukasema, "Miguu inafika kwenye pedeli. Tuanze."

Nani angeamini? Mtu ambaye maisha yake yote kazi yake ilikuwa kiwanja cha ndege cha Musoma, kufyeka majani, kufukuza ng'ombe ndege ikija, kupandisha ule mfuko wa kuonyesha upepo kila asubuhi, na hajawahi kupanda ndege hata kukaa tu kitini. Ulikuwaga unasema, "Mimi ndege nazijua kwa tumbo, kama ndama anavyomjua mama yake."

Nyuma ya chumba chako cha Buhare, pale Musoma, ulinikalisha juu ya pipa tupu la mafuta, mti wa ufagio katikati ya magoti, tofali moja kila mguu. Kwenye mfuniko wa sanduku ulichora kwa mkaa saa zote za ndege, ya mwendo, ya kimo, na dira. Ulikuwa umezichungulia dirishani miaka yote hiyo, ukazichora kila moja mahali pake. "Kapteni, upepo unatoka wapi?" "Ziwani, Mzee." "Ziwani wapi? Ziwa ni kubwa kuliko mdomo wako." Ulinisimamisha kwa mguu mmoja nimefumba macho, majirani wakasema Mafuru siku hizi anafuga mwehu. Pombe ulinikataza miezi mitatu. Hilo peke yake lilitosha kunipa cheti.

Na ulinifundisha adabu. Ulisema mle ndani ya ndege nitakaa na wakubwa, na kijana mwenye kujibizana na wakubwa kesho yake haitwi tena kazini. Mkubwa akisema, unaitika. Wewe mwenyewe ulikaa kazini kwa njia hiyo, chini ya Wazungu, halafu Uhuru ukaja ukakaa chini ya watu wetu, mabosi wanaondoka na wewe unabaki. Nilikuwaga nakubishia kila kitu, hata bei ya chumvi. Hilo tu sikukubishia.

Sasa sikia kilichotokea Nairobi, maana nilichokuambia sicho.

Macho walipima wakasema safi. Masikio safi. Hesabu nilikuwa wa pili, na wa kwanza nina hakika alichungulia. Kiingereza kilipita, Mzee. Walicheka matamshi yangu, na mimi nikacheka nao, tukaendelea. Siku ya mwisho wakatupandisha mmoja mmoja kwenye kidege kidogo pamoja na rubani wa kutupima. Wa kwangu alikuwa Mwafrika mwenzetu, mtu mzima mwenye mvi, rika lako kabisa. Kabla ya kupanda alituambia wote kuwa tukiona jambo haliko sawa tuseme. Tulipokuwa juu alininyooshea kidole milima ya mbele, akasema, "Tuko futi elfu tisa, ile tunaipita bila shida. Sivyo, kijana?"

Nikatazama saa ya kimo. Ilikuwa elfu nane. Na yeye mwenyewe alikuwa ametuandikia ubaoni kuwa milima ile haipitwi chini ya elfu tisa. Niliona, Mzee. Ile saa ilikuwa palepale ulipoichora kwa mkaa. Akauliza mara ya pili. Angekuwa Mzungu ningebisha mpaka mafuta yaishe. Lakini zile mvi. Nikasema, "Ndiyo, mzee."

Aligeuza ndege. Tulipotua akaniuliza kama niliona. Nikasema niliona. "Mbona hukusema?" akauliza. Nikamwambia nilimheshimu. Hakukasirika. Angekasirika ningepata cha kusimulia kwenye lori. Alisema polepole, kwa Kiswahili, kama mtu anayetaka nisikie vizuri, "Heshima yako ingetuua wote wawili." Kisha akaandika kwenye karatasi yake.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa natafuta namna ya kukuambia. Ningesema nini? Kwamba kilichoniangusha ni kile ulichonifundisha wewe? Nilishuka stendi ya Musoma nikakukuta umesimama na shati lako la Krismasi. Mdomo ukajiendea wenyewe. "Kiingereza, Mzee. Wamesema Kiingereza changu kibovu." Ukashusha pumzi. Ukasema, "Basi hicho kinatibika."

Ukaanza kukitibu. Kila Jumamosi, mvua za masika zikinyesha, ulitembea kutoka Buhare mpaka misheni kuomba magazeti ya zamani ya Kiingereza. Kiingereza chenyewe ulikuwa husomi, kwa hiyo ulichagua yenye picha za ndege. Uliyafunga kwenye karatasi ya nailoni na kuyaficha ndani ya shati. Nililetewa magazeti makavu na mtu aliyelowa. Na mimi nikakaa ukutani nikakusomea kwa sauti, wewe unatikisa kichwa, "Kinapanda, Kapteni, kinapanda," Kiingereza kilekile nilichokwenda nacho Nairobi.

Ulipoanza kukohoa ulisema ni vumbi la kiwanja. Vumbi gani, Mzee, mwezi wa nne, kiwanja kimegeuka bwawa la bata? Nililiona shati linavyokuning'inia. Nilisikia kifua kinavyolia kama mlango. Ukasema, "Ni vumbi tu hili, sivyo?" Nikasema ndiyo, Mzee. Wiki iliyofuata ukasema tena, nikaitika tena. Siku uliyoshindwa kuvuta kamba ya mfuko wa upepo ndipo nikakubeba kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli mpaka hospitali. Daktari akauliza imeanza lini. Nilimtajia. Akanitazama mimi, siyo wewe. Ulikaa mle siku mbili.

Kwenye msiba nilichekesha watu. Nilisimulia habari ya yule fahali uliyemfukuza kiwanjani, akageuka akakufukuza wewe, na abiria wakakupigia makofi madirishani. Mkeo, Mama Nyangeta, alicheka huku analia, akanishika mkono, akasema bila mimi wangekauka kwa machozi. Nilitamani ardhi ifunguke. Siku ya pili nikarudi Bunda kwenye lori langu, nikapanga chumba hukohuko, Nyasura, na miezi saba sikukanyaga kijijini kwetu Buswahili.

Huku mambo yamebadilika, usingepajua. Serikali imesema watu wote wakae pamoja kwenye vijiji vya ujamaa, na Buswahili tumehamishwa. Nyumba za kilimani zinavunjwa, viwanja vipya vimepimwa kwa kamba, mistari imenyooka. Shule itakuja, zahanati itakuja, bomba litakuja. Mimi sipingi, mimi mwenyewe nimepiga makofi. Ila mstari wa chini umeshuka mpaka karibu na majani ya Mto Mara, na humo ndimo walimowekea Mama Nyangeta vigingi vyake. Mke wako, Mzee. Kutoka kilimani ulikolala wewe, mpaka kule chini.

Wewe ndiye ulinionyeshaga ile alama ya tope kwenye migunga, ilipofika mara ya mwisho mto ulipopanda. Inanifika kifuani. Kwenye mkutano Mwenyekiti aliuliza, "Kuna mwenye neno?" Unamjua, mlitahiriwa msimu mmoja, na siyo mtu mbaya. Wilaya imempa siku, anakimbizana nazo, amekonda. Neno nilikuwa nalo. Na mfukoni nilikuwa na barua ya Nairobi inayotaka muhuri wake. Basi nikasimama nikasema mstari wa chini una bahati, watapata muziki wa vyura bila kununua redio. Watu wakacheka, Mwenyekiti akacheka, mkutano ukafungwa. Mama alikuwa amekaa mbele. Yeye hakucheka.

Ndiyo leo asubuhi nikaenda ofisini kwake. Barua niliyomwomba baada ya mkutano alikuwa ameshaiandika kwa mkono wake, kijana mwaminifu, mwenye nidhamu, mwananchi mwema, mpaka nikaona haya. Akafungua kile kibati cha wino. Muhuri akaushika. Akasema kwa furaha, "Kwa hiyo kijiji chetu kitatoa rubani! Na siku ukipita hapo juu utaona nyumba zetu zimenyooka kama daftari. Sivyo, Magesa?"

Mzee, niliogopa. Mimi niliyemtukana polisi wa Kisumu akiwa na bunduki. Nikasema, "Hapana, mzee. Mstari wa chini sitauona. Utakuwa umekwenda na maji."

Muhuri ulibaki hewani. Akauliza nani amenifundisha kusema hivyo. Nikasema Mafuru, na kuhusu maji ilikuwa kweli. Akasema, "Mafuru hakunipinga hata siku moja tangu tuzaliwe." Nikamwambia ndiyo sababu nimekuja mimi. Nilimweleza alama ya tope, nikamwomba twende tukaione kwa miguu, ni mwendo wa kuvuta sigara moja. Hakuinuka. Alisema viwanja vimeshapelekwa wilayani kwenye ramani, na yeye hawezi kwenda kusema amekosea. Akaikunja ile barua taratibu, akaiweka kwenye droo. "Nidhamu nimeandika humu, sasa sina hakika nayo. Uje mwezi ujao."

Mwezi ujao. Jumatatu ni keshokutwa.

Vigingi viko palepale. Nilitegemea angalau kifua kitakuwa chepesi, maana nimesema, ile kazi niliyoshindwa angani nimeifanya chini. Wala. Ni kizito vilevile, na sasa sina hata safari. Na usinipe sifa, ukiwa huko unasikia. Kama ningelisema mwaka jana neno moja tu, "Hapana, Mzee, hili siyo vumbi," ungekuwa unanigombeza sasa hivi. Nimejifunza kwa bei yako wewe. Siwezi kukurudishia.

Nilitoka ofisini moja kwa moja kwa mama. Alikuwa anaanika mihogo. Nikamwambia yote nimesimama, Nairobi, Kiingereza, magazeti, kikohozi, vyura. Sikuweka mzaha hata mmoja, nadhani hakunitambua. Aliendelea kugeuza vipande vya mihogo. Kisha akasema, "Alikuwa akirudi amelowa, na amefurahi." Nikangoja aseme nimekusamehe, au aniambie niondoke. Alisema, "Nipishe, umenizibia jua."

Basi hizo ndizo habari. Hazina mwisho mzuri. Nilizigeuza kila upande kutafuta pa kuchekea, nimekosa.

Ninachokuahidi ni kidogo, na sijui kama kitasaidia. Kesho nitarudi kwa Mwenyekiti, siyo kwa ajili ya muhuri, huo umekwisha. Nitamwambia tena habari ya maji, na keshokutwa tena, mpaka anifukuze au ainuke twende. Akikataa kabisa, nitamjengea mama palepale alipopimiwa, niinue msingi mpaka kiunoni, nichimbe mtaro, na masika ikianza nitakuwa ndani ya nyumba ile, siyo Nyasura. Mto ukija utanikuta. Sisemi nitauzuia. Nasema hatakuwa peke yake, na hataambiwa na mimi kwamba ni umande tu.

Nimepita kaburini kwako nikapalilia. Wenzako wote wameshashuka, kilima kimebaki na wewe na mbuzi wawili wa mtu. Kwa heri, Mzee Mafuru. Kama uko mahali pema sijui, mimi sijafika huko, na nimefika kwingi. Ninachojua ni kwamba uko pakavu.

Mimi wako,
Magesa